Kubandua Seli Mbele ya Mkwe

Tangu aolewe Bujonde, Anyisile alikuwa bingwa wa kukimbia. Akimwona baba mkwe wake, Mzee Ambakisye, anakuja kwa mbele, aliacha njia na kuingia kwenye mpunga wa watu mpaka mzee apite. Kanisani alitoka kwa mlango wa pembeni. Jina la mzee hakulitamka. Kazini, akilazimika kumtaja mzee, aliyekuwa mwenyekiti wa ushirika, alisema "yule mkubwa wa jengo", na wenzake wakacheka mpaka basi. Ndiyo mila ya Wanyakyusa: mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, wala hawakai chumba kimoja. Nyumba nyingi siku hizi zimeilegeza. Kwa Mzee Ambakisye haikulegezwa hata uzi mmoja.

Anyisile hakuichukia mila hiyo. Aliichoka, na kuchoka ni jambo lingine. Siku aliyoruka mfereji wa maji na mimba kubwa tumboni ili mzee apite kwa raha zake, alijiambia huku akijipangusa tope kwamba iko siku atabaki amesimama palepale alipo. Hakujua siku hiyo ingemkuta na tripsini mkononi.

Kazi yake ilikuwa Ipinda, kwenye maabara ndogo iliyowekwa ndani ya ghala la zamani la mpunga, mali ya chama cha ushirika. Mbasa, wale samaki wa ziwani, walikuwa wanavuliwa wakiwa na vidonda, na wavuvi wa upande wa Matema walishachoka kutupa samaki. Ili kujua kama ni kirusi kinachowala, lazima ukipe hicho kirusi seli hai za mbasa kizishambulie mbele ya macho yako. Seli hizo haziuzwi dukani. Anyisile alikata vipande vya mapezi, akavisafisha, akavitia kwenye chupa bapa zenye maji ya lishe, akangoja. Chupa zikaota ukungu. Akarudia, zikaota ukungu tena. Mwaka mzima ulikwenda hivyo, mkuu wake wa kazi, Dakta Sylvester, akianza kuzungumzia mambo ya kufunga mradi, mpaka chupa moja, moja tu, ikakubali. Seli zikatambaa kutoka kwenye kipande cha pezi, zikaenea, zikafunika sakafu yote ya chupa. Anyisile alilia alipoziona, na haoni aibu kusema.

Sasa seli zikijaa chupa, zinakosa nafasi na kuanza kufa. Lazima zigawanywe kwenye chupa nyingine. Na zinang'ang'ania chini kama ukoko wa wali kwenye sufuria, ukizikwangua unazichana. Kwa hiyo unazimiminia tripsini, kimeng'enya kinachokata vile vishikizo zinavyojishikizia, zikaachia zenyewe. Tatizo la tripsini ni kwamba haijui kuacha. Ikimaliza vishikizo inaendelea kuitafuna seli yenyewe. Inabidi uwe na jicho kwenye hadubini, na ukiona seli zimejikunja kuwa duara na kuanza kuelea, umwage upesi maji ya lishe yenye seramu, ambayo ndiyo breki yake. Ukichelewa, umejipikia uji.

Asubuhi hiyo alikuwa peke yake. Dakta Sylvester alishamwambia kuwa viongozi wa ushirika wangekuja kukagua jengo lao alasiri, naye alipanga amalize mapema na kuondoka kabla mwenyekiti hajatia mguu. Alimwaga maji ya zamani, akasuuza seli kwa maji ya chumvi, akatia tripsini. Chupa ya lishe, iliyotoka kwenye friji, ilikuwa kwenye meza ya karibu na mlango ikipoteza ubaridi. Akainamia hadubini. Mlango ukafunguliwa.

"Mugonile," Dakta Sylvester alisema kwa madaha. Alikuwa mtu wa Bukoba, na salamu hiyo ndiyo Kinyakyusa chake chote. "Wageni wetu wamewahi. Karibuni wazee. Huyu ndiye mtaalamu wetu, Anyisile." Kisha simu yake ikaita, akatoka nje kuipokea, asijue alichokiacha ndani.

Alimwacha Mzee Ambakisye, na mdogo wake Wilson, katibu wa ushirika. Mzee alipomwona mkamwana wake aligeuka mara moja, akampa mgongo, akaielekea ile meza ya mlangoni. Hakutoka. Kwa nini atoke? Anayetoka ni mdogo, na nyuma ya Anyisile kulikuwa na mlango wa pili wa ghala, uko wazi, hatua chache tu. Wote watatu walijua utaratibu.

"Mkamwana," Wilson alisema taratibu, "mzee yuko ndani."

Miguu ya Anyisile ilikwisha kuanza kwenda. Hilo ndilo lililomuudhi baadaye kuliko yote, kwamba miguu haikumuuliza. Akairudisha. Akatazama tena kwenye hadubini: seli zilikuwa zimejikunja, za pembeni zimeanza kuachia.

"Namwona, baba mdogo. Naomba hiyo chupa iliyo mezani."

"Toka kwanza."

"Nikitoka watakufa."

"Nani watakufa?"

"Samaki."

Wilson alitazama sakafuni, akatazama juu ya kabati. "Samaki wako wapi hapa? Toka, mwanangu, tusitiane aibu."

Seli za katikati nazo zikaachia. Anyisile alijua akianza kumfundisha Wilson baiolojia, somo litaisha na seli zimeisha. Aliutazama mgongo wa mzee, lile koti la kijivu analolivaa kwenye mikutano, na chupa imesimama karibu na kiwiko chake cha kulia.

"Baba," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Neno lilitoka kavu kama limekaa ghalani miaka mingi.

"Baba, chupa iko kwenye kiwiko chako. Naiomba."

Mgongo haukutikisika. Basi akaenda mwenyewe. Alipita mbele ya Wilson, akasimama ubavuni kwa baba mkwe wake kama anavyosimama mtu yeyote ubavuni kwa mtu, akanyoosha mkono, na mkono wa koti lake jeupe ukaligusa koti la kijivu. Wilson aliguna kama aliyechomwa mwiba. Anyisile alirudi mezani kwake, akamwaga lishe kwenye seli, akazivuruga kwa pipeti juu na chini, akazigawa kwenye chupa mbili. Kisha akainama kuangalia. Nyingine zilikuwa zimechanika. Nyingi zilikuwa nzima, duara, zinang'aa. Alipoinua kichwa wazee walikuwa wameondoka.

Jioni mume wake, Gwamaka, alirudi na uso mrefu. "Wanakuita nyumbani Jumapili. Mke wangu, beba kuku, omba msamaha, yaishe."

"Kuku nitabeba, kwa sababu baba anapenda kuku. Msamaha siombi."

"Anyisile."

"Sina kosa, Gwamaka. Nimeruka mifereji yenu ya kutosha."

Jumapili, Bujonde, walimkalisha nyuma ya nyumba, juu ya mkeka, karibu na kakao iliyoanikwa. Wanaume walikuwa sebuleni, dirisha wazi. Mama mkwe, Mama Kisa, alisimama kwenye mlango wa jikoni kuchukua maneno huku na kuyapeleka kule, ingawa kila mtu alimsikia kila mtu.

Wilson aliongea sana. Alisema mkamwana amemvua nguo mzee mbele ya watu. Alisema aache kazi hiyo au atafute nyingine mbali, Mbeya huko. Alisema mzee alikuwa amegeuka, hajui chupa wala nini, na mtu mwenye adabu angetoka tu kimya kimya. Mama Kisa alipopeleka maneno hayo aliyapunguza makali njiani, Mungu ambariki.

"Mama, waambie nimesikia," Anyisile alisema. "Waambie kazi siachi. Baba simlaumu, hakuielewa ile chupa. Lakini ikitokea tena nitafanya vilevile."

Kisha ikasikika sauti ya Mzee Ambakisye mwenyewe, akimsemesha mkewe.

"Mwambie mkamwana asinisingizie ujinga. Chupa niliiona. Aliposema watakufa, nilijua ndiyo anayoitaka. Mkono ulishaanza kwenda, nikaurudisha. Nikaona heri wafe kuliko nimpe kitu mkononi."

Mama Kisa aligeuka kuelekea kwenye mkeka, akafungua kinywa, akashindwa kuyarudia. Hakukuwa na haja.

Hasira ilimpanda Anyisile kutoka miguuni. Wiki nzima alikuwa amemsamehe mtu huyu kwa kutokujua, na kumbe alijua. Alijua mwaka mzima wa kazi yake uko kwenye kiwiko chake, akauhesabu, akaona uende. Na bado yeye ndiye aliyekalishwa nyuma ya nyumba na kakao.

Akasimama. Hakupitia jikoni. Alizunguka nyumba akaingia kwa mlango wa mbele, mlango ambao hajawahi kuupita mzee akiwemo, akasimama katikati ya sebule. Gwamaka alishika kichwa. Wilson alianza kuinuka, hakumaliza. Mzee Ambakisye alikuwa kwenye kiti chake. Akauinamisha uso akatazama sakafu, na hakuwa na mlango wa nyuma wa kutokea.

"Baba," Anyisile alisema, na safari hii neno halikuwa kavu. "Umesema kweli, nashukuru. Na mimi nakwambia kweli. Ulikosea. Wale samaki hawana mwingine wa kuwasemea, na nisingewaacha wafe ili wewe usinione. Seli zimejaa tena. Kesho nazibandua. Jengo ni lenu, mkitaka kuja mje. Lakini sitoki, sigeuki, wala siruki. Nitakuwa nimesimama pale ninapofanyia kazi."

Alingoja. Nje kuku aliyemleta alikuwa analia akiwa na kamba mguuni. Mama Kisa alikuwa amefika mlangoni, ameshika fremu, tayari kuchukua jibu na kulipeleka hatua mbili.

Mzee hakumtazama mkewe. Aliendelea kuitazama sakafu, na mkono mmoja ukawa unapapasa goti kama wa mtu anayetafuta miwani.

"Kesho nisimame wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu, maana kila mtu alimngoja Mama Kisa alipokee swali. Mama Kisa alikaa kimya. Halikuwa lake.

"Dirishani, baba," Anyisile alisema. "Pana mwanga."