Daftari la Mlangoni

Kampuni ile iligawa programu zake za kompyuta bure, zikiwa wazi kwa yeyote kuzisoma na kuzirekebisha, na bosi alijigamba kwamba taarifa za watumiaji hawazigusi kabisa. Mlangoni, hata hivyo, palikuwa na daftari wazi vilevile, la kila anayeingia: jina, simu, mtaa unaokaa. Mfagizi mpya, aliyemkimbia mume aliyekuwa akimpiga, alisita kuandika.

"Jaza, dada. Ni usalama."

"Wa nani, bosi?"

"Ebo! Nani ana haja na wewe?"

Akajaza. Siku ya tatu akaja fundi bomba, mdogo wa mumewe, akalisoma daftari taratibu kama gazeti. Jioni hiyohiyo mfagizi akahama chumba.

Kesho yake bosi, aliposikia amehama, akampigia simu: "Dada, tupe mtaa mpya. Hatutunzi taarifa zilizochakaa."