Wimbo wa Lowri Hauimbwi Mara Mbili

Baba aliniambia sauti yangu inapanda kama kondoo mnene anayeruka ukuta. Nikamjibu kwamba ukuta wenyewe kaujenga Lowri, si mimi.

Lowri, dada yangu, alikuwa sauti ya juu, mimi ya kati, Baba besi. Ndilo kundi la shamba letu, na kabla yetu waliimba babu zetu kutoka daftari la nyimbo tulilo nalo hadi leo. Kansa ilimchukua Lowri mwezi wa tatu. Krismasi mbili zikapita hatujakanyaga kanisani. Kabla ya ile ya tatu Baba, ambaye mapafu yake daktari alishayakatia tamaa, alisema anataka kitu kimoja tu kabla hajaondoka: asimame mbele asubuhi ya Krismasi aimbe wimbo alioutunga Lowri hapa hapa mezani jikoni. Basi mimi nikapanda juu, na mume wangu Tudur, anayeimba kana kwamba anaita mbwa, akapewa ya kati.

Kila Alhamisi, tukishalisha kondoo, tulifunga mapazia tukaanza mazoezi. Mapazia lazima. Ibada yetu ya alfajiri ya Krismasi, plygain, haina ratiba. Kundi linainuka, linakwenda mbele, linaimba bila kinanda, linarudi kukaa, na hakuna anayepiga makofi. Wimbo ukishaimbwa na kundi moja, asubuhi hiyo hakuna mwingine anayeugusa. Ndiyo maana kila mtu huficha wake, na kumuuliza mwenzako ataimba nini ni kukosa adabu.

"Mzee, tuweke na mwingine wa akiba," Tudur alisema.

"Kifua hiki kina wimbo mmoja," Baba akamjibu. "Wa akiba utauimba wewe na mbwa wako."

Wiki moja kabla ya Krismasi, Heulwen akabisha hodi. Alikuwa rafiki wa Lowri tangu shule ya msingi, na kundi lake ni la ng'ambo ya bonde. Nililitupia daftari taulo la vyombo, nikamfungulia. Alikuwa ameshika mkate wa zabibu.

"Mererid, kuna kitu nataka kukuuliza. Ni kuhusu nyimbo za mwaka huu."

"Wewe nawe! Umekuja kunichimba?"

"Sikuchimbi. Ni kwamba…"

"Nenda zako na siri yako. Utasikia siku yenyewe, kama wenzako."

Nilicheka, naye akacheka kidogo. Alisita mlangoni, kisha akashuka njia. Nilijiona mjanja kweli.

Krismasi iliamka na barafu. Baba alivaa tai yake ya harusi, na tangu alipoamka hakusema neno, akiitunza pumzi. Saa kumi na mbili kanisa lilikuwa limejaa, mishumaa imewashwa. Kundi la kwanza likaimba, la pili likaimba. La tatu lilikuwa kundi la Heulwen. Wakasimama kwa duara, Heulwen akagonga kichuma cha kutafutia sauti ya kuanzia, wakaanza.

"Mlango ulikuwa wazi, theluji ikaingia kwanza…"

Ni maneno ya Lowri. Nilimtazama Baba. Midomo yake ilikuwa ikienda na besi, beti zote tano, bila sauti.

Walipokaa, hakuna kundi lililoinuka; wote walikuwa wametuachia sisi zamu. Nikaanza kuinuka, Baba akanishika mkono wa koti.

"Umeshaimbwa."

"Baba, watatuelewa. Ni wa Lowri."

"Hasa kwa kuwa ni wa Lowri. Kaa chini, mwanangu."

Nikakaa. Kundi jingine likainuka.

Baada ya ibada Heulwen alinikumbatia mlangoni, macho mekundu. "Lowri ndiye aliyenifundisha, nami nilidhani hamtaweza kuuimba tena. Nikasema siwezi kuuacha ufe. Siku ile nilikuja kukuomba ruhusa, ukanifukuza."

"Mmeimba vizuri," nilimwambia. Daftari lilikuwa ndani ya koti langu. Nililibana kwa kiwiko asilione.

"Na nyinyi mbona hamkuinuka?"

"Kifua cha Baba," nikadanganya. Ningemwambia ukweli asingeimba tena maisha yake, na kosa lilikuwa langu.

Garini ndipo Baba alipofungua kinywa tena. "Yule msichana sauti ya juu kaipata. Wewe ungeuharibu." Alikuwa akitabasamu.

Nyumbani hakuvua tai. "Haya, jikoni," alisema. "Mapazia yaacheni wazi."

Tukasimama karibu na jiko. Ubeti wa kwanza aliumaliza vizuri kuliko siku zote za mazoezi. Kwenye wa pili kikohozi kikamshika, akaketi, akatuonyesha kwa mkono tuendelee. Tukaendelea mpaka mwisho, mimi na Tudur, kwa sababu wimbo haukatishwi.

Baba tulimzika kabla kondoo hawajaanza kuzaa. Makaburini Heulwen alinisogelea kwa woga, akauliza kundi letu lingeimba nini kumuaga Baba. Safari hii nilimwacha amalize kuuliza. Nikamwambia hatuimbi. Wimbo unataka sauti tatu, na zimebaki mbili.