Kodi ya Hewa

"Ghorofa ya juu haipo, mwanangu," Garifalia alirudia, ameinama ili sauti ipite kwenye kitundu cha kioo. "Juu ya paa langu kuna nondo na kamba ya kuanikia nguo. Basi!"

Memos, karani wa ofisi ya kodi, hakuinua macho. Enzi za dhiki mama yake alikuwa akija kwa Garifalia kuomba mafuta ya zeituni, lakini hilo halikuwa la kusemwa hapa.

"Kwenye kompyuta ipo, bibi. Vyumba vitatu, baraza na choo. Ni ya binti yako Lenio, ila bili ya nyumba nzima ni yako."

Tangu serikali iipachike kodi ya nyumba kwenye bili ya umeme, asiyelipa anakatiwa. Jirani wa Garifalia walishamkatia. Garifalia ana kisukari, na insulini yake iko kwenye friji. Kesho ilikuwa zamu yake.

Kosa lilikuwa la marehemu mumewe, Panagos. Lenio alipochumbiwa, wakwe waliuliza bibi harusi anakuja na nini, maana huku mahari hutoka upande wa mke. Panagos alikuwa na hewa tu. Ndivyo watu wa huku wanavyoiita haki ya kujenga juu ya nyumba, na mzazi humwandikia mwanawe hewa kama vile anavyomwandikia shamba. Lakini jamani, angewatazamaje wakwe usoni? Akaenda akaandikisha ghorofa nzima kana kwamba imeshajengwa, mpaka choo, akisema saruji itafuata. Haikufuata. Wakwe walikula, wakacheza, wakashiba, na miaka michache baadaye maharusi wakahamia Ujerumani kutafuta kazi.

"Njoo basi uone kwa macho yako," Garifalia alisema.

"Nikianza kupanda mapaa ya watu, hapa atakaa nani, bibi?" Foleni ikacheka. "Lete mhandisi athibitishe kwamba haipo. Kama huna hela ya mhandisi, binti asaini kwamba anaikana."

Alimpigia Lenio pale pale kwenye korido. Nyuma ya sauti ya binti yake sahani zilikuwa zinagongana.

"Nasaini, mama. Leo hii."

"Ukirudi tutaiandika upya, mwanangu. Baba yako aliacha nondo nzuri kabisa, hazijashika kutu..."

"Mama, sirudi. Watoto hata lugha yetu hawaijui. Nilidhani unajua."

Alijua. Ila hakuwa amewahi kuambiwa. Aliegemea ukuta akalia, mtu mzima mbele za watu, na hakuna aliyemtazama.

Alipomaliza alijifuta uso akarudi dirishani. "Binti amekubali."

"Safi. Sasa lete cheti cha kutodaiwa kodi."

"Kodi ya nini tena?"

"Ya hiyo ghorofa. Mali inayodaiwa haikanwi. Lipa kwanza, ndipo uikane."

"Yaani nilipie hewa, ndipo niruhusiwe kusema ni hewa?"

"Mimi sikutunga sheria, bibi. Anayefuata!"

Kesho yake asubuhi fundi wa umeme alikuja, baba mmoja mnene mwenye kikohozi. Aliomba radhi, akakata. Friji ilitetemeka kidogo, ikanyamaza. Garifalia alidhani ameshamaliza.

"Karatasi yangu inasema chini na juu," fundi alisema, akaelekea kwenye ngazi za nje.

Garifalia alikaa jikoni akisikiliza viatu vya fundi juu ya kichwa chake. Vilikwenda upande mmoja, vikarudi, vikasimama. Fundi aliposhuka alikuwa na unyevu begani, shuka mbichi ilikuwa imemgusa.

"Umeona mwenyewe," Garifalia alisema. "Andika basi kwamba haipo."

Fundi alitafuta kalamu mfukoni, asimtazame.

"Nikiandika haipo, mama, wananirudisha kuja kuitafuta. Nitaandika wenyewe hawakuwepo."