Kipepeo cha Shaba

Mtaa mzima ulijua kwamba mkono wa Dada Meno haukosei, na aliyeieneza habari hiyo ni Dada Meno mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alikuwa na chumba chake nyuma ya jiko, meza ndefu chini ya dirisha, taa yenye shingo ya kupinda, mashine ndogo ya kusagia anayoishika kama kalamu, na safu ya vichwa vya kusugulia, vya jiwe hadi vya sufi. Madaktari walimletea vipimo vya vinywa vya watu, naye akawarudishia meno ya kuchekea. Hata baba yake alitafuna kwa kazi ya mkono wake, na asubuhi hiyo ya Jumamosi mzee alikuwa amekaa uani akila karanga kwa kelele, tangazo la bure.

Ila kilichokuwa mezani siku hiyo hakikuwa taya la mtu. Lilikuwa koo la gari la baba.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, jekundu, la milango miwili, la chini kiasi kwamba mtu mzima alilivaa zaidi ya kuliingia. Kila mwaka mzee alilipandisha mlimani kwenye mashindano, na pembeni yake alikaa mwanawe wa kiume akimsomea kona zinazokuja. Marafiki walimwita kijana huyo Rubani, kwa kumtania tu, maana usukani wa gari lile hajawahi kuushika hata kulitoa uani. Mwaka huu daktari wa macho alimwambia mzee usukani basi. Mzee alinuna, akawanunia na wengine, kisha akawaita wanawe wawili.

"Gari linakabwa," aliwaambia. "Likifika kona za juu linatweta. Atakayelifungua koo ndiye nitakayempa ufunguo Jumapili. Mwingine atakaa pembeni."

Rubani hakupoteza muda. Alikwenda gereji kwa fundi mmoja anayeitwa Profesa, akarudi na koo jipya, pana zaidi, ndani ya kisanduku. Dada Meno akasema hanunui kitu anachoweza kukitengeneza kwa mkono wake. Wakakubaliana kwamba cha dada kitajaribiwa kwanza, na kikishindwa kisanduku kifunguliwe. Tangu hapo Rubani alitembea na kisanduku kwapani kama mtu anayengoja kuitwa.

Dada Meno aliutaka ufunguo ule. Hakuutaka ili aonekane, wala ili amkomoe mdogo wake. Aliutaka tangu alipokuwa msichana, alipokuwa akiliosha gari lile mpaka ling'ae, kisha anaambiwa asante mwanangu, kamwite mdogo wako tuondoke. Alikuwa ameshachoka kuliona gari lile likimpa kisogo.

Koo la gari si kitu cha kutisha. Ni bomba fupi la alumini, upana wake kama mdomo wa kikombe, na humo ndimo hewa inamopita kwenda kwenye injini. Katikati kuna bamba la mviringo ambalo mafundi huliita kipepeo: ukikanyaga mafuta kinafunguka, ukiondoa mguu kinafunga. Dada Meno alikitoa kipepeo, akamulika ndani, akaguna. Kuta zilikuwa na vipele vya kiwandani, na mahali fulani palikuwa na kingo kama ngazi, hewa ikifika hapo inajikwaa. Mdomo wa namna hii angeurudisha kwa aliyeutengeneza, na barua ya matusi juu yake.

Alijua pa kugusa na pasipogusika. Pale kipepeo kinapokaa kikifunga, alizungushia mstari wa wino kujikumbusha kwamba hapo ni mwiko. Kisha akavaa barakoa, akawasha mashine. Aliifuta ile ngazi, akaondoa vipele, vumbi la alumini likamjaa nyusi mpaka akafanana na bibi yake. Alipomaliza kusaga akaliosha koo kwa petroli, likatoka safi. Na ule mstari wa wino nao ukatoka safi.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya msasa laini, na sufi yenye dawa ya kung'arisha, na hapo ndipo mkono ulipomponza. Alifumba macho akapitisha kidole ndani, kama anavyofanya kwa kila kitu kinachotoka kwenye meza ile. Katika kazi yake, kinachosikiwa kidogo na kidole, ulimi hukisikia mara kumi. Ukiacha kamstari kembamba kama uzi, kesho mwenye meno anarudi na donda, meno kayafunga kwenye leso. Kidole chake kilikuta kamstari. Mkono ukakaondoa, bila hata kumuuliza mwenye mkono.

Saa ya chakula ilipokaribia koo lilikuwa linang'aa kama kijiko cha wageni. Akalifunga kwenye injini, akaita watu, akajikunjakunja mpaka akaingia garini, akawasha.

Injini iliitika vizuri. Kisha ikapandisha sauti. Kisha ikaendelea kupandisha.

"Punguza mguu, dada," Rubani alisema.

Dada Meno akafungua mlango, akatoa nje miguu yote miwili, ndala na vyote, aione. Injini ikazidi kupiga kelele. Akaizima. Mzee aliacha kutafuna.

Dada Meno hakuhitaji kufungua boneti ili ajue. Uso ulimshuka pale pale kwenye kiti. Mkono ambao haukosei ulikuwa umekosea mbele ya baba yake, majirani wawili na kisanduku cha Profesa, na ndani ya kifua alisikia aibu ya kitoto, ile ya kutaka mtu yeyote azungumze habari nyingine.

"Nimesugua pale kipepeo kinapokaa," alisema. "Hakifungi tena. Hewa inapita pembeni. Kosa ni langu."

Rubani alikuwa na adabu ya kutocheka, ila kisanduku kilikuwa kimeshatoka kwapani.

"Basi tufunge hiki, dada. Tusisumbuane."

"Jumapili ni kesho," Dada Meno alisema. "Baba, ulisema Jumapili."

Mzee alifikiri huku ulimi ukitafuta karanga iliyojificha. "Nilisema Jumapili. Ila nataka kulisikia kabla ya jua kuzama. Sitaki kulala na roho juu."

Dada Meno alilifungua koo akarudi nalo chumbani, Rubani nyuma yake, labda kushuhudia mwisho wenyewe. Akaliweka mezani, akajikaza. Hebu fikiri kama mtu mwenye akili zako, alijiambia. Mgonjwa akija meno ya juu na ya chini hayakutani, unamziba mdomo? Unamtengenezea jino linalomkaa. Shimo limepanuka, basi nalo lipate kipepeo kipana zaidi.

Kwenye droo alikuwa na kipande cha bamba la shaba. Akachora, akakata, akakiacha kikubwa kidogo makusudi. Shida ni kwamba kipepeo hakifungi wima, hufunga kwa kulala upande, kwa hiyo si duara la haki. Kina umbo la yai kidogo, na kingo zake hukatwa mshazari. Kwa tupa peke yake angepapasa mpaka keshokutwa. Akafungua kopo lake la karatasi za buluu, zile nyembamba ambazo mgonjwa huambiwa aume ili rangi ionyeshe ni jino gani linatangulia kugusa. Akaweka karatasi kwenye ukuta wa koo, akafunga kipepeo, akakitoa. Alama ya buluu ilikuwa upande mmoja tu. Akakisugua hapo kidogo, akarudia.

"Shika hili," alimwambia mdogo wake. "Elekeza dirishani. Ukiona mwanga, niambie uko wapi."

Rubani aliweka kisanduku sakafuni, akalishika koo kwa mikono miwili, akafumba jicho moja.

"Juu kulia, mwembamba," alisema. "Chini kushoto, mrefu, unaishia kwenye skrubu."

Ilikuwa sauti yake ya mlimani, ile aliyomsomea baba kona, bila neno la ziada. Dada Meno hakuwahi kuisikia, maana hakuwahi kuwa ndani. Akajikuta anaifuata kwa mkono kabla hajaielewa kwa kichwa. Rubani anasoma, yeye anasugua, karatasi inapaka buluu, mwanga unapungua. Kila mmoja alisahau kumkasirikia mwenzake.

"Sasa?"

"Uzi tu, pande zote sawa."

"Uzi ndio ninaoutaka. Injini nayo lazima ipumue ikiwa imetulia."

Walikifunga jua likiwa bado juu ya ukuta wa jirani. Dada Meno alizungusha ufunguo. Injini iliitika, ikapanda kidogo, ikatulia. Ilitulia hasa, kiasi kwamba mzee alipovunja karanga wote walisikia ikivunjika.

"Sogea," mzee alimwambia Rubani, na kwa mara ya kwanza akaenda kukaa upande wa abiria.

Walikwenda mpaka juu, kwenye tangi la maji, mahali ambapo gari lile siku zote lilikuwa likitweta. Dada Meno alikanyaga mafuta na gari likavuta moja kwa moja, bila kusita, mgongo wake ukashikana na kiti. Alicheka peke yake. Mzee alishikilia mlango njia nzima, kama watu wote wasiozoea kuendeshwa. Waliporudi uani alijitoa kwa shida, akaacha ufunguo ulipokuwa.

"Kaa hapa," alimwambia Rubani, akionyesha kiti alichotoka. "Ila huu mkanda unakwama. Miaka yote hii sikujua mkanda wa upande huu unakwama."

"Mimi najua, baba," Rubani alisema.

Alikaa. Aliuvuta mkanda polepole, akautikisa kidogo mahali fulani, ukakubali. Dada Meno alimtazama akifanya hivyo bila hata kuangalia, na furaha yake ikapata kitu kizito pembeni. Hakuwa peke yake aliyengoja. Yeye alingojea nje ya gari, mwenzake alingojea ndani yake, mkono mmoja tu kutoka kwenye usukani.

"Kesho kupanda ni kwangu," alisema. "Kushuka ni kwako. Ufunguo nakupa kileleni."

Rubani alitazama mbele, kioo kikiwa bado na vumbi la barabara ya tangi.

"Ni sawa, dada," alisema. "Kwanza kushuka ndiko kunakotaka dereva."

Dada Meno alikuwa na jibu lake tayari, kali, la kukata maini. Akaliacha, akazima gari.