Unga wa Pete

Asubuhi Florabel alichomwa na mwiba wa ngogo akisafisha samaki nyuma ya nyumba. Akanyonya damu, akamtukana yule samaki, akaendelea kumpasua. Mchana kidole chake cha pete kilikuwa kimevimba hata pete ikazama katikati ya nyama, na ncha ya kidole imeanza kushika rangi ya bilinganya.

Baba mkwe wake, mzee Eleuterio, ambaye mji mzima wa Miagao, pwani ya Ufilipino, humwita Teryo, alikitazama mara moja tu. Alikuwa fundi wa mashine za meli maisha yake yote, na ameona vidole vya watu vikikatwa na kuachwa bandarini. Anajua rangi ile inaelekea wapi.

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, na kimbunga kilikuwa kimeufanya mto upite juu ya daraja. Umeme ulikuwa umekatika, barafu haipatikani. Nang Pasing, yaani Dada Pasing, jirani yao mjane, mwanamke mwenye dawa ya kila kitu na maneno ya kila mtu, alikuja na sabuni, akaja na mafuta ya nazi, akaja na uzi wa kuzungushia kidole. Kila alichojaribu kilimtoa Florabel machozi, na pete haikusogea hata unywele.

"Itabidi ikatwe," akasema Nang Pasing, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

Alikuwa na sababu. Katika mtaa ule kila nyumba ina mwanamume melini, na kila mke anajua kwamba pete ya ndoa haivuliwi mume akiwa majini. Kuivua ni kumsahau. Kuikata ni kumchimbia kaburi ambako hata kaburi hakuna. Na Rodel, mume wa Florabel, mtoto wa pekee wa mzee Teryo, alikuwa katika meli ya mizigo mahali fulani mashariki, kule kule upepo ulikotokea. Hakuwa ametuma ujumbe tangu hali ya hewa ichafuke. Asubuhi ile redio ya betri ilisema kuna meli isiyojibu wito, na haikutaja jina.

Florabel akauficha mkono kifuani. Alisema bora kidole kife kuliko mtu. Akasema kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililomtisha mzee, kwa sababu Florabel ni mtu wa kelele. Tena kidole chenyewe ndicho anachoshikia uzi. Anafuma vitambaa kwa mtambo wa mkono, na akikikosa hicho mtambo utabaki wa kuanikia nguo.

Mzee Teryo akajitia kucheka. "Inday, nisikilize," akamwambia, kama baba anavyomwita binti. "Marehemu mama mkwe wako aliweka pete yake rehani kila masika, na mimi nilirudi kila mara, tena mnene kuliko nilivyoondoka. Bahari haina habari na vidole vya wanawake."

Nang Pasing akasema hilo la pete rehani mtaa mzima ulikuwa unalijua. Florabel akatabasamu kwa shida, akautoa mkono. "Kata basi, Tay, baba yangu. Lakini mwombee kwanza mwanao."

Akaomba, kwa haraka na kwa kuruka maneno, kisha wakashuka karakana.

Karakana yake iko chini ya nyumba, kati ya nguzo, mbele yake wazi kwa mvua. Misumeno imepangwa ukutani kwa ukubwa, na bleidi zimo makopo ya maziwa. Watu hutoka hata miji ya jirani kumuuliza wakatie nini, naye hupenda kuulizwa kuliko kulipwa. Chuma chembamba, huwaambia, kitafutie meno madogo, yasiyopungua matatu yawe juu ya chuma wakati wote, ama sivyo moja litanasa na kuvunjika. Chuma laini kitafutie meno makubwa yasije yakajaa unga. Chuma kigumu kitafutie bleidi mpya na mkono usio na haraka. Kwa hiyo ungedhani mtu kama huyo angejua mara moja mkono wake uende kopo gani.

Alijua, na ndiyo maana mkono haukwenda huko. Ukapita lile kopo la chuma kigumu, ukaenda kwenye msumeno wa sonara, wenye bleidi nyembamba kama uzi wa kushonea, inayokata dhahabu bila kelele.

Ile pete haikuwa dhahabu. Pesa za pete ya dhahabu Rodel alizimaliza kwenye kamari ya majogoo ya kupigana, na harusi imeshatangazwa kanisani. Alikuja kwa baba yake analia. Mzee alikuwa na nati moja kubwa ya stenlesi, chuma kigumu kisichoshika kutu, akiba ya mashine ya meli yake ya mwisho, aliyoiweka kama kumbukumbu. Akaikata, akaipiga tupa, akaisugua mpaka ikang'aa, na Rodel akaenda kuichovya dhahabu mjini. Tangu hapo kila akirudi likizo Rodel huipeleka kwa sonara, eti isafishwe, kumbe inachovywa upya. Florabel alikuwa akiwasimulia wenzake, anasema waume wengine hata sahani hawasafishi.

Na Florabel ni mwanamke aliyewahi kufunga nguo zake na kurudi kwao mwezi mzima kwa sababu Rodel alimwambia alikuwa misani, naye alikuwa kwenye majogoo. Akijua ukweli wa pete angeondoka tena, na mzee Teryo hakuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba ile.

Basi akachukua msumeno wa sonara. Akapitisha kibati chembamba kati ya pete na ngozi, Florabel akauma ukingo wa gauni lake. Nang Pasing akatandika karatasi nyeupe chini ya mkono, kwa maana unga wa dhahabu ni mali, na sonara yeyote angeupima. Mzee akaanza kusugua, kwa wepesi, kama mtu anayekata dhahabu.

Mwanzoni chembe za njano zikaanguka, Nang Pasing akaridhika. Kisha hakikuanguka kitu. Bleidi ikateleza, ikalia, ikakatika. Akafunga nyingine, nayo ikakatika.

"Nong Teryo," akasema Nang Pasing, akimwita kaka, "wewe si ndiye uliyekuwa ukikata vyuma vya meli? Leo kapete kanakushinda?"

Akainama zaidi. Jasho lilikuwa linamtoka mgongoni na upepo unapuliza baridi. Alijua anachokifanya, na hilo ndilo lililokuwa linamla. Stenlesi ina kiburi. Ukiiuma kwa nguvu inakubali, lakini ukiisugua juu juu bila kuiuma, pale pale uliposugua hukakamaa ikawa ngumu maradufu. Kila alivyosugua kwa kujifanya, ndivyo alivyokuwa akiifungia pete kidoleni mwa mkwewe. Akabadilisha bleidi ya tatu. Akajiambia labda hii. Alikuwa mzee mwenye akili zake timamu, na bado alijiambia labda hii.

"Tay," akasema Florabel. Alikuwa ameacha kuuma gauni. "Hainiumi tena."

Mzee akaacha kusugua.

"Haiumi kabisa. Sikisikii. Kama si cha kwangu."

Akaiminya ncha ya kidole. Ilikuwa baridi, na weupe wa kuminya ukabaki pale pale bila damu kurudi. Hofu aliyokuwa nayo ya siri ikawa kitu kidogo sana, akashangaa ni kwa nini aliibeba mchana kutwa. Akauweka chini msumeno wa sonara. Hakuziamini tena bleidi za kopo; akafungua sanduku lake la safari za zamani, akatoa bleidi iliyofungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Ilikuwa ya mwisho ya aina yake, meno madogo ya chuma kigumu, ya kukatia vyuma vinavyokataa kukatwa.

"Hiyo ni ya dhahabu?" akauliza Nang Pasing.

"Inday," mzee akasema, akimtazama Florabel peke yake, "hii si dhahabu. Ni nati ya stenlesi. Niliichonga mimi, hapa, kwenye jiriwa hii. Rodel alicheza pesa. Nimekuwa nikikata kwa bleidi isiyofaa ili usijue, na nimezidi kuikomaza. Sasa nitakandamiza kwa nguvu na utaumia sana. Usisogee. Utanitukana baadaye."

Florabel alimkazia macho. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Kata," akasema.

Akaiacha ile sehemu aliyoikomaza, akachagua nyingine mpya. Akadondosha mafuta. Akakandamiza, akavuta polepole, akainua, akarudi, bila kuruhusu hata jino moja liteleze. Maumivu yakarudi kidoleni, na Florabel akapiga ukelele uliomtoa mzee machozi, lakini mkono hakuusogeza. Unga ukaanza kuanguka kwenye karatasi, wa kijivu. Pete ilipokatika upande mmoja haikufunguka. Ilikuwa nene mno na koleo lingemvunja mfupa. Ikabidi akate upande wa pili, na bleidi tayari imeanza kupoteza meno. Hapo aliomba kweli, bila kuruka maneno. Bleidi ikafika kwenye kibati kwa meno yaliyobaki, na vipande viwili vya pete vikaanguka mezani.

Wakasubiri, wote watatu wameinamia kidole. Rangi ya bilinganya ilikaa, ikakaa, kisha polepole ikaingia wekundu. Florabel akakunja kidole, kikakunjika. Akalia kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kelele, na mzee akakaa chini juu ya kopo la rangi.

Alingoja matusi. Florabel alikuwa anakitazama kipande kimoja cha pete, anakigeuza, ndani kijivu na nje njano.

"Kwa hiyo si pete," akasema.

"Inday, nisamehe."

"Nati ni nati, Tay. Hatujakata pete ya mtu yeyote." Akavuta pumzi ndefu, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu redio iseme. "Rodel akirudi, mimi na yeye tuna mazungumzo. Atalala karakanani humu na nati wenzake. Lakini hatujakata pete."

Nang Pasing akafanya ishara ya msalaba, akasema hilo ni kweli tupu, Mungu mwenyewe anajua stenlesi na dhahabu. Wakainuka kwenda kuchemsha maji ya kuuloweka mkono. Florabel aliposimama gauni lake liliikumba karatasi, unga ukamwagika sakafuni, wala hakuangalia nyuma. Akapanda ngazi akisema *akirudi* nitafanya hivi, *akirudi* nitamwambia vile, kama mtu aliyekwisha kumwona mumewe akishuka kwenye baiskeli ya abiria pale mlangoni.

Mzee Teryo akabaki.

Hakuwahi kuamini habari za pete, mchana kutwa alikuwa ameicheka. Sasa akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeibeba ile nati mpaka kanisani ndani ya leso. Padri aliinyunyizia maji bila kuuliza ni ya nini. Rodel aliivisha na kuapa. Hakuna aliyeapa kwa pete nyingine. Kama ile haikuwa pete, basi Florabel hajawahi kuvaa pete. Na marehemu mkewe aliiweka yake rehani, lakini hakuikata. Rehani hurudi nzima.

Akavichukua vile vipande, akavikutanisha mezani. Havikukutana. Akavitia kwenye jiriwa, akabana kidogo, akatazama. Pande zote mbili palikuwa na uwazi mwembamba kiasi cha bleidi, kwa sababu kila msumeno unapopita hula chake, na kilicholiwa kilikuwa sakafuni.

Juu, redio ikawashwa. Sauti ya mwanamume ilikuwa ikisoma majina ya meli, na upepo ukawa unayameza kabla hayajamfikia.

Akashika sumaku yake, akapiga magoti, akaipitisha juu ya sakafu. Ikaokota chembe za vyuma vingine, vya kazi za zamani. Stenlesi ile haishiki sumaku, na yeye ndiye anayewaambia watu hivyo kila siku. Akaiweka kando, akalamba ncha ya kidole, akaanza kuokota ule unga wa kijivu, punje moja moja, kabla upepo haujaingia tena kati ya nguzo.