Injini ya Kushukia

Ulikuwepo, usijitie kusahau. Gari la mwisho lilipovuka mstari kule juu ya kilima, ulikung'uta vumbi kwenye suruali, ukauliza nani ana soda ya baridi, ukageuza mgongo. Ndivyo unavyofanya kila mara. Magari yakipanda, unashangilia hadi sauti inakukauka. Yakishuka, una shughuli nyingine. Na kwa kuwa huangalii, klabu ya mbio husimama mbele ya watu na kusema, bila kupepesa jicho, kwamba tangu mbio hizi zianze hakuna dereva hata mmoja aliyefia mashindanoni.

Ni kweli. Hata dereva Chuma hakufia mashindanoni. Chuma alishinda, akapewa kikombe, akaambiwa atangulie kushuka, maana mshindi ndiye hushuka wa kwanza. Wengine wakamfuata kwa fujo, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake, kwa sababu wa mwisho kufika chini hununulia wote vinywaji. Breki zilikuwa bado zina moto wa kupandia. Kwenye kona ya pili kutoka chini zililainika kama sabuni iliyosahauliwa majini. Kona ikakata kushoto, Chuma akanyoosha.

Katibu wa klabu akaeleza kwamba mbio zilikuwa zimekwisha, barabara ilikuwa imeshafunguliwa kwa umma, na marehemu alikuwa raia wa kawaida anayerudi nyumbani. Mwaka uliofuata klabu ikatoa fulana. Mgongoni zimeandikwa: Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Yako umeifanya tambara la deki.

Dada yake Chuma ni fundi wa injini. Gereji nzima humwita Shangazi, hata wateja wenye mvi kumzidi, kwa kuwa hilo ndilo jina waliloshinda wakilisikia kutoka kwa binti wa Chuma, aliyekulia humo humo, akilala mchana kwenye viti vya nyuma vya magari ya watu. Binti huyo sasa ndiye dereva. Gari ni la Bosi, mwenye duka la matairi, na Bosi alikuwa na maoni.

"Shikamoo, Shangazi. Leo nimekuja na akili."

"Marahaba. Iweke hapo mezani tuione."

"Injini ibaki hii hii ya lita mbili, ila tuifungie turbo kubwa. Kubwa kweli! Kama sufuria ya harusi. Ilie hadi mtu aliye ng'ambo aulize kuna nini. Watu siku hizi wanataka mlio, Shangazi. Video bila mlio ni mazishi."

"Debe tupu nalo lina mlio."

"Sasa unanitukana."

"Nimelitaja debe tu, Bosi. Wewe umejitambuaje?"

Kisha akamweleza taratibu, kama anavyowaeleza wote wenye magari ya kifahari. Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ikiwa kubwa kwenye injini ndogo ni kama mkubwa wa ofisi. Ukikanyaga mafuta, kwanza anauliza nani anamtaka, anatafuta koti, ndipo anatoka, na akitoka anatoka na vurugu zote kwa mpigo. Kilima chao ni kona tupu. Kila kona mkubwa atarudi ofisini, kila kona itabidi aitwe upya. Yeye alitaka turbo ibaki ya wastani, ila injini ndiyo ikue: aifungie krenki, mhimili ule unaozungushwa na pistoni, iwe yenye mkono mrefu zaidi, pistoni zisafiri mbali zaidi, kila silinda imeze hewa na mafuta mengi zaidi kwa tonge moja.

"Haitalia," alisema. "Itanguruma. Lakini ukiigusa inaondoka papo hapo."

"Itashinda?"

"Itashinda."

"Basi fanya. Ila mlio, Shangazi..."

"Nitakufungia honi."

Aliyomwambia Bosi yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

Sababu alimwambia binti siku walipokuwa wakiifunga, binti ameshika pistoni mpya na kuigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Shangazi, hii injini ni ya mbio au ya trekta?"

"Ni ya kushukia."

Binti akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Sikiliza, mwanangu. Ukiwa juu, tia gia ya kwanza, ondoa mguu kwenye mafuta, na breki usiiguse. Injini ndogo ingekuachia uteleze. Hii yenyewe italizuia gari, itakukamata kama mama mkwe aliyekukuta mlangoni na viatu mkononi. Barabara yenyewe ni nyembamba, mwamba huku, bonde kule, ukikaa katikati hakuna wa kukupita. Mshindi anashuka mbele. Ukishuka mwendo wa kwenda sokoni, wote watashuka mwendo wa kwenda sokoni."

"Watanicheka."

"Watakucheka wakiwa hai. Kicheko cha maiti bado sijakisikia."

"Baba alishuka kwa mbwembwe. Kila mtu anasimulia."

"Baba yako alishuka nusu."

Binti aliiweka pistoni juu ya kitambaa, taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Na nisiposhinda?"

"Basi utakuwa nyuma ya wapumbavu. Injini ya kuwazuia wapumbavu walioko mbele sijui kuitengeneza."

Binti hakuahidi. Alimpa Shangazi spana inayofuata bila kuombwa, na Shangazi hakujua aipe jina gani hiyo spana, ndiyo au hapana.

Siku ya mbio Shangazi hakwenda juu. Alisimama kwenye kona ya pili kutoka chini, mahali ambapo hakuna mtu anayesimama. Magari yalipanda moja moja, yakilia kama nguruwe waliobanwa mlangoni. La binti lilipita likinguruma tu, na mtu mmoja kwenye kipaza sauti akasikitika kwamba huenda lina hitilafu. Dakika chache baadaye kipaza sauti hicho hicho kikamtangaza binti kuwa mshindi, kikakohoa.

Halafu ikawa kimya. Watu wakaondoka. Wewe ukaondoka.

Shangazi akasikiliza. Mtu aliyefunga injini kwa mkono wake huijua sauti yake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe katikati ya vilio vya watoto wa jirani. Angeisikia sauti hiyo ikipanda, angejua binti amekanyaga, amemchagua baba yake. Kwanza alisikia honi. Honi nyingi, za hasira, zikishuka pole pole sana. Chini ya honi kulikuwa na mngurumo mzito, usiopanda wala kushuka.

Gari likatokea. Taa zake za breki hazikuwaka hata mara moja. Nyuma yake msururu mzima wa madereva, mmoja ametoa kichwa dirishani anatukana ukoo wa watu, wote wakitambaa kama wanaopeleka mayai. Binti alikuwa anatazama mbele, uso mkavu kama wa karani. Alipofika kwenye kona akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, akakirudisha.

Shangazi alikaa chini kwenye jiwe. Aliyemkuta hapo aliambiwa kiatu kinabana.

Jioni hiyo Katibu alimwita mbele ya kamati.

"Umeutia mchezo doa. Mmefanya ushindi ukawa maandamano ya mazishi. Kamati imeamua: kuanzia duru ijayo, mshindi atashuka wa mwisho."

"Sawa," alisema Shangazi. "Kaka yangu aliposhuka, alikuwa nani?"

"Tulishalieleza hilo. Raia wa kawaida. Mbio zikiisha, barabara ni ya umma."

"Na umma ni nani?"

"Mtu yeyote mwenye gari, jamani."

"Kwenye barabara ya umma, nani anaamua yupi atangulie?"

Wanakamati wakaanza kutazama simu zao.

"Nashukuru," alisema Shangazi, akaenda zake.

Duru ijayo ni kesho. Wanafunga barabara alfajiri, lakini walioko juu tayari hawafukuzwi. Shangazi ameshapanda na pikapu ya gereji. Pikapu moja wataisukuma kando na kuiita kichaa. Magari mengi hawana jina la kuyaita ila lile walilolitumia wenyewe juu ya maiti ya Chuma: raia wa kawaida. Huhitaji krenki ndefu wala turbo. Hilo lako la kwenda kazini, linalokohoa asubuhi, nalo linayo gia ya kwanza. Inuka. Chukua funguo. Panda leo, lala huko juu, na wakitangaza kwamba mbio zimekwisha, uwashe, uingie barabarani mbele yao, ushuke pole pole.

Unasubiri nini? Washa.