Kidole cha Kuazima

Mashine ya vidole ilipoletwa kijijini kwetu mara ya kwanza, watu waliikimbia. Wapo waliosema inanyonya damu, wapo waliosema ukishaweka kidole serikali inajua hadi ulichokula. Mimi sikuikimbia wala sikuisogelea, maana kadi ilikuwa moja kwa kila nyumba na aliyeandikishwa kwetu ni mume wangu, Zuberi. Kwa kadi hiyo tulipata salfa ya ruzuku ya kupulizia mikorosho. Watu walipoona magunia ya salfa yanashushwa, hofu ya damu iliwatoka wakaanza kusukumana kwenye foleni.

Dada yangu Halima ni mjane wa siku nyingi, kwa hiyo alikwenda mwenyewe. Shida ilikuwa vidole. Halima anabangua korosho tangu ujana wake, na mafuta ya ganda la korosho hayana huruma. Yameunguza ncha za vidole vyake mpaka zimelainika kama mgongo wa kijiko. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Akabadilisha, ikakataa. Karani alikuwa amechoka, jua limemkaa kichwani, foleni inamgombeza.

"Hakuna ndugu hapa mwenye kidole kinachosoma?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama na Halima, nikaweka changu. Kwetu kinu kinaazimwa, jembe linaazimwa, hata mkeka wa msibani unaazimwa. Nani angefikiri kidole hakiazimwi? Mashine ikalia, Halima akapata kadi, tukarudi nyumbani tunacheka. Siku ya kuchukua salfa nilimsindikiza, nikakiweka tena.

Zuberi alifariki masika yaliyofuata. Aliniachia watoto na mikorosho, na mikorosho ndiyo inayowalisha watoto. Kadi yake ikafungwa. Miti ilipoanza kutoa maua nilikwenda ofisi ya kijiji kuandikishwa kwa jina langu, Halima akanisindikiza. Nilikuwa na haraka. Bila salfa, ugonjwa wa ubwiri unga unakausha maua yote, na hapo mwaka wako umekwisha. Salfa ya dukani ilikuwa juu ya uwezo wangu.

Karani alikuwa mpya, kijana anaitwa Filipo. Nikaweka kidole, akatazama kioo, akanitazama.

"Mama, wewe umeshaandikishwa. Ni Halima Jafari."

"Mimi ni Latifa Jafari. Halima ni dada yangu, huyu hapa."

"Mashine inasema ni wewe."

"Mwanangu, mashine imenizaa?"

Hakucheka. Akasema kama kidole ni changu, basi kadi ya Halima ni ya udanganyifu. Ataifuta, halafu ataniandikisha mimi. Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionichoma.

Nikamtazama Halima. Ana mikorosho yake na wajukuu walioachwa mikononi mwake. Alikuwa ameinamia vidole vyake kama mtu aliyefumaniwa. Uchovu ulinishika miguuni, uchovu wa msiba na wa ofisi kwa pamoja.

"Basi," nikasema. "Mimi ni Halima."

"Na shamba la marehemu Zuberi? Latifa yuko wapi?"

Halima akasogea mezani. "Latifa ni mimi."

Akaweka kidole. Mashine ikakaa kimya.

Filipo hakuwa mtu mbaya. Alijua tunachofanya, akajifanya hajui. Akamwambia Halima ngozi ikipumzika, alama hurudi. Aache kubangua, ikiota arudi.

Ikabidi aache. Ubanguaji ndio uliokuwa unga wake wa kila siku, kwa hiyo yeye na wajukuu walikuja kula mihogo yangu. Jioni alikuwa anapaka mafuta ya nazi vidoleni huku akivitazama. Salfa ya kadi yake tuligawana, tukapulizia miti iliyo karibu na nyumba. Mingine niliiacha. Nilikuwa nikipita chini yake nikiona unga mweupe unatambaa kwenye maua, kisha maua yanakuwa meusi na kuanguka. Nililia shambani, peke yangu, kwa hasira.

Ngozi iliota. Tukarudi. Halima akaweka kidole, mashine ikalia.

"Karibu, Latifa," Filipo akamwambia.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kuitika. Nikaufunga.

Nikapewa magunia yangu ya salfa, yaani Halima alipewa, mimi nikabeba. Miti haikuwa tena na ua la kupulizia. Nikayapanga kwenye kona alikokuwa akilala Zuberi alipougua, nikasema ni ya mwakani.

"Mwakani watataka tena kidole," Halima akasema.

"Najua, dada."

Asubuhi yake nilimkuta uani kwake. Ndani hakukuwa na unga, wajukuu walikuwa wamekaa wanamtazama. Debe la korosho lilikuwa mbele yake. Alikuwa anapaka majivu vidoleni kuzuia mafuta ya ganda, kimoja kimoja, polepole kuliko kawaida. Aliponiona akasimamisha mikono.

"Nisibangue?" akauliza.

Nilitamani kusema asibangue. Nikawatazama wale watoto, nikavuta kigoda, nikampa nyundo ya kubangulia.